Kitulo kwa basi bila gari binafsi, inawezekana? Na njia za kutembea kule kwenye majimaji zikoje?

MamaNeema_Iringa

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wanaoijua Kitulo vizuri.

Niko Iringa mjini, gari sina, na kukodi siwezi maana bei niliyotajiwa ya kruza kwa siku mbili ni ada ya mtoto ya muhula. Binti yangu yuko kidato cha tatu, ni mtu wa mimea huyo balaa, ana daftari anabandika majani na kuandika majina, mwaka mzima wimbo ni Kitulo tu, mwalimu wao wa baiolojia ndo aliwaambia kuna hifadhi ya taifa huku kwetu kusini ambayo ilianzishwa kwa ajili ya maua. Nimemuahidi likizo ya Desemba tunaenda, mimi na yeye na mdogo wangu wa kiume.

Sasa ninachotaka kujua, je mtu unaweza kufika kwa basi tu mpaka ukatembea kwa miguu ndani, au ukifika bila gari unaishia kukaa getini unaangalia? Pili nasikia kule juu kuna sehemu kubwa ni nyasi zenye maji chini yake, Desemba si ndo mvua zimeshaanza, njia zinapitika kweli? Na tatu tulale wapi. Msinitajie hoteli za dola tafadhali, nataka kitu cha mtu wa kawaida.

MdauWaChimala

Dada karibu sana, na kwanza nikuondolee gharama moja, usiende mpaka Mbeya mjini. Watu wengi wa Iringa wanafika Mbeya wanalala afu kesho yake wanarudi njia ileile waliyojia, hela mbili hiyo. Panda basi la Mbeya au Tunduma pale Igumbilo asubuhi na mapema, mwambie konda kabisa kabla hajakata tiketi kwamba unashuka Chimala, asikukatie ya Mbeya. Utapita Mafinga, Makambako, Igawa, ukishaipita Rujewa kaa macho, Chimala inafuata. Ukiona kibao cha Igurusi jua umepitilizwa. Kutoka Chimala kwenda Mbeya mjini ni kama kilometa 78 kwahiyo hapo umeokoa safari ndefu kwenda na kurudi.

Chimala hapo kuna magari ya kupanda Matamba, noah na haice na muda mwingine kanta zinazorudi kupakia viazi. Hayana ratiba ya saa, gari likijaa linaondoka. Ndo maana nasema uondoke Iringa mapema, ukifika Chimala jioni jioni unaweza kukuta gari la mwisho limeshaondoka na kupanda ile barabara usiku na mvua sikushauri hata kidogo. Njia ni ile wanaita Hamsini na Saba, yani kona 57 za kupanda ukuta wa mlima, huku chini unaacha mashamba ya mpunga na joto la Usangu, kule juu unashuka kwenye gari unatafuta sweta. Kaa upande wa dirisha, hapo njiani tu binti ataona bonde zima la Usangu limetandazwa chini yake.

Lala Matamba. Ni mji mdogo lakini gesti zipo za bei ya kawaida na chakula kipo, viazi, maharage, nyama. Ofisi ya hifadhi iko hapohapo Matamba, hiyo ndo faida kubwa, maana unamalizana nao jioni au asubuhi kabla ya kupanda.

Mwanji_wa_Matamba

Kamwene dada. Mimi ni mzaliwa wa huku, ngoja nijibu hilo la kutembea maana watu wa mijini wanajibu habari ya barabara tu wakati swali lenyewe ni la miguu.

Kitulo ni hifadhi ya kutembea kwa miguu kuliko hifadhi yoyote unayoijua. Hakuna simba, hakuna tembo, hakuna nyati wa kukukimbiza, juu pale kwenye uwanda utakutana na tohe wa milimani ukibahatika na ndege wengi, basi. Kwahiyo huhitaji kukaa ndani ya gari umefunga kioo. Ukifika ofisini Matamba waambie umekuja kwa basi na unataka kutembea, watakupangia mtu wa kuwaongoza, na muulize hapohapo namna ya kufika juu kwenye uwanda, maana kutoka mjini Matamba mpaka unapoanzia uwanda wenyewe kuna mwendo, usije ukaumaliza nguvu za mtoto barabarani kabla hajaona ua hata moja. Nenda na vitambulisho vyenu, mtu mzima NIDA, mwanafunzi kitambulisho cha shule, ili mlipe kiwango cha Mtanzania ambacho kiko chini sana ukilinganisha na cha mgeni. Malipo ni kwa kontrol namba kwahiyo hakikisha simu ina salio la kulipia, usitegemee kumkabidhi mtu hela mkononi.

Sasa hayo majimaji. Uwanda uko juu karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, ardhi yake ni nyeusi na mvua ikishaanza inabeba maji kama godoro lililolowa. Siyo ziwa na siyo tope la kuzama mpaka kiunoni usiogope. Inakuwa hivi, nyasi zinaota kwa mafungu, kila fungu limeinuka kidogo kama kiganja au zaidi, na katikati ya fungu na fungu ndo kuna maji, meusi hivi ila ukichota mkononi ni meupe kabisa. Mgeni akiona anadhani akanyage kwenye uwazi kwasababu panaonekana tambarare, hapo ndo kiatu kinabaki. Njia zenyewe zilizozoeleka zinapita kwenye migongo ya vilima ambako ni pakavu, afu zinashuka kukata vibonde vyenye maji, ni pale kwenye kukata bonde ndo utalowa. Mwongozaji anajua pa kuvukia, mfuate nyayo kwa nyayo.

Na nawaomba sana, kwa moyo kabisa, msikatize ovyo kwenye hayo maeneo ya maji kutafuta picha. Pale ndipo maua mengi yanapoota, ua moja limejificha kwenye nyasi hata hujaliona umeshalikanyaga, na ukikanyaga mahali pamoja watu kumi tayari umefungua kamfereji, maji yanaanza kukimbia badala ya kukaa. Hayo maji yakikimbia sisi wa chini hatuna kitu mwezi wa kumi. Mito yetu yote midogo inaanzia kwenye hivyo vibonde.

Vaeni gambuti, siyo raba. Raba ikilowa saa tatu asubuhi inakaa imelowa siku nzima na baridi ya huku haina masihara. Sweta mbili nyepesi ni bora kuliko jaketi moja zito, koti la mvua kila mtu na lake, soksi za kubadilisha mfuko wa nailoni. Nendeni asubuhi, mchana mvua inaweza kushuka na ukungu ukafunga usione hata mwenzio wa mbele. Na mpandapo msikimbie, mita 2,600 mtu wa kawaida anahema, mkienda polepole mwili unazoea.

Darubini_na_Daftari

Mwanji kaeleza vizuri sana, mimi naongezea upande wa muda maana ndo kitu kinachoamua utaona nini.

Desemba maua yanakuwa yameanza, ila kilele ni kama Januari mpaka Machi hivi, mpaka Aprili bado yapo. Kama ni lazima iwe likizo basi nenda mwishoni mwa Desemba usiende mwanzoni. Juni mpaka Agosti usijaribu na mtoto, baridi kali, ukungu, asubuhi nyingine unakuta barafu nyembamba juu ya majani. Septemba mpaka Novemba ni pakavu na jua, kutembea ni raha ila maua machache. Kwahiyo hapa hakuna namna ya kupata vyote, ukitaka maua kubali kulowa.

Wanasayansi wamehesabu aina zaidi ya 350 za mimea kule na kati ya hizo 45 ni okidi za ardhini. Okidi nyingi za misitu ya chini zinaota zimeng'ang'ania miti, hizi zetu zinaota chini kwenye nyasi, zina kiazi kwenye udongo. Mwambie binti asitafute ua kubwa la kuwekwa kwenye vase, nyingine ni kashina kamoja ka kijani kenye vimaua vidogo vingi ukikaribia uso ndo unaona kila kimoja kina umbo la ajabu. Apige magoti. Na kuna ua moja refu la rangi ya moto, linaitwa Kniphofia. Kuna lobelia kubwa pia.

Halafu ndege, tafadhali msipite tu. Kwenye hivyo vibonde vya majimaji kipindi cha mvua kuna ndege dume mweusi tii mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, begani ana njano, anaruka chini chini juu ya nyasi mkia unamburuta kabisa, anatua kwenye kijiti, anaruka tena. Anapatikana nyanda hizi za kusini na milima ya jirani Malawi na Zambia tu. Na kuna mbayuwayu buluu, anakuja kuzaliana kwenye mvua, kiota anajenga kwenye mashimo ya ardhini, na dunia nzima wamebaki wachache. Kama ukiona mbayuwayu anaingia na kutoka kwenye shimo usisogee, kaa mbali uangalie, akisumbuliwa anaacha makinda.

Darubini hata ya mtumba inatosha, pale Mwanjelwa Mbeya ukizunguka unaipata, Iringa sijui soko lenu.

MamaNeema_Iringa

Jamani asanteni mno, sikutegemea majibu ya hivi. Nimemsomea binti amekaa kimya kwanza afu akaenda kuandika lile jina la ua.

Nina maswali mengine. Hizo kona 57 na mvua, magari yanapanda salama kweli? Mimi naogopa. Na je anaweza kuchukua jani moja moja tu la kubandika kwenye daftari, siyo kung'oa? Halafu mdogo wangu anasema kama tunataka kuona majimaji yenyewe haswa si tushuke Ihefu, iko karibu na Chimala hapohapo, kwanini tupande juu?

Msangu_Asilia

Shikamoo dada, hilo la Ihefu niachieni mimi nimekulia Ubaruku.

Mdogo wako yuko sahihi kwamba Ihefu ndo ardhi oevu kubwa ya huku, ila siyo ya kwenda kutembea kwa miguu. Toka 2008 eneo la Usangu liliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ndo maana Ruaha ikawa kubwa vile. Kule kuna kiboko, mamba, tembo, nyati, simba. Hakuna basi linalokushusha Ihefu ukaingia na begi mgongoni, unaingia kwa utaratibu wa hifadhi kwa gari au boti na watu wenye silaha. Na mvua zikishika zile mbuga nyeusi gari lenyewe linakaa. Kwahiyo kwa mtu wa basi jibu ni Kitulo, mwambie asibishane.

Ila nataka binti aelewe kitu kimoja maana ndo utamu wa safari yenyewe. Yale maji atakayokanyaga kule juu yanashuka kwa mito kama Chimala na Kimani mpaka bondeni kwetu Usangu, tunalimia mpunga, mengine yanaenda kukaa Ihefu. Ihefu ina mdomo mmoja tu wa kutokea, pale Ng'iriama, kuna mwamba umeziba kama kizingiti, maji yakishuka chini ya ule mwamba basi Ruaha Mkuu haipati kitu. Yakizidi yanamwagika yanakwenda kunywesha wanyama wa Ruaha, yanafika bwawa la Mtera, halafu Kidatu, umeme huo. Wazee wetu walikuwa hawajui Ruaha Mkuu kukauka, 1993 ndo ikakauka kwa mara ya kwanza kipindi cha kiangazi na toka hapo ikawa kawaida, viboko wanabanana kwenye vidimbwi vya tope unawaonea huruma. Sababu zinatajwa nyingi, mifereji ya mpunga, mifugo, kilimo cha kwenye vyanzo, na watu wanarushiana lawama mkulima na mfugaji, mimi nasema kila aliyeko kwenye huo mnyororo anahusika, sisi wakulima tunaoacha maji yanapita shambani usiku kucha hata kama mpunga umeshiba tukiwemo. Kwahiyo Mwanji akisema msikanyage kwenye maji ovyo siyo kwamba anawabania picha.

Iringa mnakunywa maji ya Ruaha Mdogo, huo ni mto mwingine, ila nao unaenda kuishia Mtera hukohuko.

Mwanji_wa_Matamba

Ahsante Msangu, umesema vizuri.

Dada kuhusu jani, hapana, hata moja. Ndani ya hifadhi ya taifa huruhusiwi kutoa mmea wala kipande cha mmea, na usimuombe mwongozaji afumbe macho utamuweka mahali pabaya. Aje na penseli za rangi achore, apige na simu, aandike ua aliona wapi, pakavu au kwenye maji, lilikuwa na wadudu gani. Hiyo ina thamani kuliko jani lililokauka.

Na nikuambie kwanini tunakuwa wakali. Zile okidi kiazi chake chini kinaliwa. Zambia kuna chakula kinaitwa chikanda, wanasaga viazi vya okidi wanachanganya na karanga wanapika kinakuwa kigumu wanakata vipande, wanakipenda sana. Kwao ziliisha wakaanza kununua huku kwetu, watu walikuwa wanachimba magunia kwa magunia milimani yanashuka mpaka Tunduma yanavuka. Ukichimba kiazi ua limekufa, halichipui tena. Vilima vingine vya nje ya hifadhi nilivyovijua utotoni vilikuwa vimejaa sasa hivi ni nyasi tu. Hiyo biashara ndo moja ya sababu kubwa hifadhi ikatangazwa rasmi 2005. Wazee wetu wanapaita Bustani ya Mungu, kwahiyo hata kabla ya serikali kuja watu walishapaheshimu, njaa ya hela ndo iliharibu.

Kona 57: madereva wa njia ile wanaijua kila kona, mimi naogopa zaidi dereva mgeni mwenye kruza kuliko haice ya Matamba. Lakini mvua kubwa ikiwa imenyesha usiku kucha subiri, usilazimishe. Angalia gari limejaza vipi, wakikuwekea watu juu ya keria shuka usubiri lingine, hiyo ni haki yako wala usione aibu.

TukuyuMvua

Wadau mmesahau upande wetu. Kitulo inafikika pia kutokea Isyonje, barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, unapanda kosta za Tukuyu pale Mbeya au Uyole unashuka Isyonje, hapo unatafuta gari la kwenda Kikondo linapanda mpaka karibu na shamba la mifugo la serikali la Kitulo. Magari ni machache ila hakuna kona 57. Kwa anayetoka Iringa Chimala ni karibu zaidi hilo sipingi, ila kwa watu wa Mbeya mjini watakaosoma huu uzi hii ni njia nzuri.

Halafu dada kama mvua ikigoma kabisa juu msirudi nyumbani mmenuna, shukeni Mbeya, siku inayofuata pandeni kosta ya Tukuyu mshuke Isongole muende ziwa Ngozi. Ni ziwa la kreta ndani ya msitu, njia inapanda kwenye mizizi na mianzi, inateleza lakini siyo ya majimaji, unafika ukingoni ziwa liko chini kabisa, kuta zimesimama pande zote. Chukua mwongozaji wa kijijini msipotee. Asubuhi tena, jioni ukungu unalifunika lote unaangalia weupe mtupu.

Na kwa vijana wenye miguu, kutoka uwanda wa Kitulo kuna njia inavuka safu ya Livingstone inashuka mpaka Matema ufukweni mwa ziwa Nyasa, unashuka zaidi ya mita 2,000 kwa mguu, kutoka sweta mpaka kaptula. Unapita msitu anapoishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza 2005 wakati Wanyakyusa tulishakuwa na jina lake siku nyingi. Matema unapanda gari la Ipinda, Kyela, Tukuyu unarudi Mbeya. Ila hiyo ni lazima mwongozaji na mazoezi, kwa binti wa kidato cha tatu bado, magoti yatamuuma wiki.

MamaNeema_Iringa

Nimeelewa wakuu, tunaenda wiki ya mwisho ya Desemba kabla ya mwaka mpya, Chimala, Matamba, usiku mbili. Ngozi kama akiba. Mdogo wangu amekubali yaishe na Ihefu yake, ila habari ya mwamba wa Ng'iriama imemkaa. Swali la mwisho kabisa, kurudi inakuwaje, naweza kutoka Matamba na kufika Iringa siku hiyohiyo?

Mwanji_wa_Matamba

Unaweza, ila shuka na gari la asubuhi kabisa. Ongea na konda jana yake jioni umlipie nafasi tatu za mbele, gari hizi za kushuka zinajaa mazao na watu wanaowahi mabasi, ukija saa tatu unasimama. Ukifika Chimala usikate tiketi kwa mpigadebe, simama pale barabarani mabasi ya Iringa na Dar yanayotoka Mbeya yanapita asubuhi nzima, yenye nafasi yatasimama. Wiki hiyo ya mwaka mpya mabasi yanajaa kweli, kwahiyo kama una mtu Mbeya mjini anayeweza kukukatia tiketi ya kupandia Chimala mwambie mapema. Ukifika Matamba uliza hata gestini kuhusu gari la alfajiri, watakuonyesha dereva mwenyewe.